Sita Juu ya Kumi

Siku tulipomzika Madamu, mchungaji wake alisimama kando ya kaburi akasoma karatasi ndefu: mahali alipozaliwa, majina ya baba na babu zake, mwaka aliovuka mpaka kuja Bujumbura, shule alizofundisha. Mimi sikusikiliza. Nilisimama nyuma na mke wangu, nikiwaza kwamba mtu huyo anayesomwa simjui. Madamu niliyemjua mimi hakuwa na babu. Alikuwa na saa ya kiume mkononi, kipande cha sabuni ndani ya mkoba, na rula ya mbao iliyoogopwa mtaa mzima wa Bwiza. Tena alimfanyia binti yangu jambo ambalo mpaka leo sijui nimshukuru au nimlaumu, kwa hiyo nafanya yote mawili.

Shule yetu ya msingi ilikuwa na walimu wanawake wengi, na kila mmoja aliitwa kwa darasa lake: Madamu wa nne, Madamu wa tano. Yeye peke yake alikuwa Madamu bila mkia. Ukisema “Madamu amekuita,” hakuna aliyeuliza yupi. Watu wazima wenye ndevu na maduka yao walivuta pumzi kwanza kabla ya kwenda.

Mimi ni fundi wa magari. Mikono yangu ilianza kuwa myeusi nikiwa na miaka kumi na minne na haijarudi rangi yake tangu hapo. Mara ya kwanza nilipokwenda kuchukua buletini, ile karatasi ya alama za muhula, ya binti yangu Saida, Madamu aliitoa kwenye bahasha, akanyoosha mkono anipe, akaona vidole vyangu, akaurudisha mkono.

“Baba Saida, kwanza bombani.”

“Madamu, hii ni girisi ya zamani. Haitokake.”

“Itatoka. Hii karatasi iko na muhuri, haishikwe hivi hivi.”

Akanipa ile sabuni. Nikasugua mbele ya wazazi wenzangu, wananicheka, na niliporudi bado alinikagua kucha. Hivyo ndivyo alivyoheshimu buletini. Aliziandika nyumbani kwake, kwa kalamu aliyoitenga kwa kazi hiyo tu, na akikosea herufi moja alichana karatasi yote akaanza upya. Mzazi akimsumbua katikati ya muhula kutaka kujua mtoto wake anaendeleaje, alikuwa na jibu moja: “Buletini itasema.”

Simtakasi. Ile rula ilifanya kazi, na kazi yake kubwa ilikuwa uongo. Mtoto aliyesahau daftari nyumbani alisamehewa. Mtoto aliyesema daftari limeliwa na mbuzi alinyoosha kiganja. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimchukia Madamu kwa sababu ya mbuzi huyo mpaka siku ya mazishi. “Mwalimu gani anapiga mutoto juu ya mbuzi?” aliniuliza mara nyingi. Mazishini alikuja, akalia kuliko sisi sote, na tulipokuwa tunarudi akaanza tena habari ya mbuzi.

Saida alipoingia mwaka wa kwanza alikuwa na miaka sita na hajawahi kusema neno. Hakuwa kiziwi; ukifungua pipi chumba cha pili anasikia. Hakutazama watu usoni. Alipanga vitu: visoda, vijiko, skrubu zangu za gereji, kwa mistari iliyonyooka kuliko ninavyoweza kunyoosha mimi. Ukivuruga mstari alilia hadi sauti ikamkauka. Watu wa kwetu walisema mengi, na mengine walisema nikiwa nimesimama palepale.

Madamu naye alianza vibaya. Alikuwa mlokole wa kanisa la watu waliotoka Uvira, kanisa la ngoma na maombi ya kelele, na mwezi wa kwanza, bila kutuuliza, alimpaka Saida mafuta kipajini akamwombea atokwe na kilichomfunga ulimi. Sisi ni Waislamu, baba yangu alizikwa hapa mjini na baba yake pia. Nilifika shuleni na ovaroli yangu, sijanawa popote.

“Mtoto wangu hana jini, Madamu!”

Hakujitetea. Aliniangalia tu, akasema, “Baba Saida, nilijaribu kila kitu chenye najua. Hiyo njo ilikuwa ya mwisho.”

Sijui kwa nini jibu hilo lilinimaliza nguvu. Labda kwa sababu mimi pia nilikuwa nimejaribu kila kitu nilichokijua, na vyangu vilikuwa vichache zaidi. Kuanzia siku hiyo hakumwombea tena kwa sauti. Siku ya Idd alifika nyumbani kwetu na chupa mbili za soda kwenye mfuko, akakaa na mke wangu jikoni mchana kutwa, akimwuliza maswali: mtoto anakula nini, anakula saa ngapi, nani anampa, anasema nini akimpa. Mke wangu akamwambia kwamba Saida hafungui kinywa mpaka mtu aseme Bismillahi. Tangu hapo, kila siku saa nne, yule mama wa ngoma na maombi alisimama mbele ya darasa la watoto sitini na kitu na kusema “Bismillahi” kwa sauti ya kufundisha hesabu, na Saida akala uji wake. Kanisani kwake walimsema. Alisema wao hawana mtoto anayebaki na njaa.

Halafu kuna habari ya rimu. Kengele ya shule ile ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo, na naijua vizuri kwa sababu niliitoa mimi, miaka kabla Saida hajazaliwa. Kamati ya wazazi ilinipigia makofi. Sauti yake ilifika sokoni. Sasa kila ilipogongwa, binti yangu alijitupa chini ya dawati, akaziba masikio, akalia mpaka akatapika. Wiki ya tatu Madamu alikuja gereji kwa miguu, na miguu yake ilikuwa imevimba siku zote, akasimama kando ya gari nililokuwa chini yake.

“Baba Saida, toka huko. Njo utoe kitu yako.”

“Kitu gani?”

“Kile kichuma chako. Kinaua mutoto wako, na Direkteri nimeisha kumuambia.”

Nikaenda nikaifungua mwenyewe mbele ya shule nzima. Kuanzia hapo, vipindi vilibadilishwa na Madamu: alipita darasa hadi darasa akipiga makofi matatu mlangoni, mara nane kwa siku, na ile miguu yake.

Ninaeleza haya ili mtu aelewe kwamba alimpenda. Bila hivyo, linalofuata litaonekana ubaya, na halikuwa ubaya.

Daktari mmoja hospitalini alituandikia neno, otisme, akatueleza kwamba mtoto haumwi wala harogwi. Akili yake imepangwa kwa namna yake, na maneno yanaweza kuchelewa, au yasije kabisa. Alisema anahitaji mtaalamu wa usemi, mtu aliyesomea hilo, amfuate hukohuko shuleni, na mapema, kwa sababu kila mwaka unaopita mlango unazidi kubana. Wataalamu wa namna hiyo mjini wakati huo ulikuwa hujui hata uwaulizie wapi. Madamu aliliandika lile neno katika daftari lake, akanitaka nilitamke mara mbili. Kisha akaomba uongozi umruhusu kupanda na darasa lake, mwaka wa pili, na baadaye wa tatu, ili Saida asibadilishiwe mtu.

Lakini shule ina sheria zake. Mtoto akianguka mitihani ya mwaka mara mbili, anatoka. Na kila mwisho wa muhula kuna proklamasio: wazazi wote uani wamevaa vizuri, Direkteri, mkuu wa shule, anasoma majina kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kila mtoto akitajwa anapita mbele, kisha mzazi anachukua buletini kwa mwalimu. Wanaosomwa mwisho, mama zao huanza kuondoka kabla. Proklamasio ya kwanza mimi na mke wangu tulikaa karibu na lango ili tuweze kutoka bila kuonekana. Tukasikia: “Wa thelathini na tatu, Saida.” Mke wangu alinishika mkono. Wa thelathini na tatu kati ya sitini na kitu! Muhula wa pili alikuwa wa ishirini na saba. Mwaka wa pili akawa wa kumi na tisa, na dada yangu akapiga vigelegele, na Madamu akampeleka Saida mbele kwa kumshika kidogo tu kwenye mkono wa nguo, jinsi mtoto mwenyewe alivyopenda kushikwa.

Nilinawa mikono nikasoma. Mwandiko: nane. Hesabu: saba. Kusema: sita juu ya kumi.

Kusema, sita juu ya kumi. Nililala na hiyo karatasi kichwani. Nikajiambia: kumbe shuleni anasema. Kumbe ni sisi. Mke wangu alisema, “Mi ndiye mama yake. Angekuwa anasema ningejua.” Nikamwambia ana wivu na Madamu. Neno hilo nililitamka, na yeye halijamtoka mpaka leo, ingawa hajalirudia.

Jumamosi moja mchana, jua kali, Saida alinivuta mkono hadi kwenye ndoo, ndivyo alivyoomba maji. Nikajaza kikombe, nikakiinua juu. “Sema maji. Kwa Madamu unasema, hapa unanyamaza. Sema maji.” Akanivuta tena. Nikainua tena. Sikuwa na hasira mwanzoni, nilikuwa na tumaini, na tumaini lile lilikuwa baya kuliko hasira. Aliendelea kunivuta, kisha akakaa chini akaanza kujigonga kichwa ukutani, na mimi nimesimama na kikombe, nasema sema, sema, hadi mama yake alipotoka ndani akaninyang'anya. Saida alikunywa kikombe chote. Nina magari niliyoyaharibu katika maisha yangu na kuyasahau. Kikombe kile sikisahau.

Mwanzo wa mwaka wa tatu tukasikia kuhusu kituo kilichofunguliwa Kibenga, kule karibu na ziwa, chenye mtaalamu wa kike aliyesomea kazi hiyo nje. Yeye hakungoja watoto kituoni. Alikwenda kukaa nao darasani, asubuhi mbili kila wiki. Kwa upande wetu wa mji ilibaki nafasi moja, ya mtoto asiyesema, na hawakuanza na mtoto aliyekwisha timiza miaka minane. Saida alibakiza miezi michache. Nikapeleka dosie: barua ya daktari na buletini zote sita. Nilivaa shati la Ijumaa.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo mwenye heshima. Alisoma barua ya daktari, akasoma buletini, akarudi kwenye barua.

“Papa, mutoto huyu anasema. Iko na sita juu ya kumi.”

“Nyumbani hasemi.”

“Shuleni anasema, anajibu, anasoma. Barua ya daktari inasema vingine. Hizi karatasi mbili hazipatane, na hii ya shule iko na muhuri wa Direkteri mara sita.” Aliniangalia kwa huruma. “Kuko mutoto mwingine anangoja, yeye hasemi popote. Nikimunyima yule nafasi juu ya huyu, nitakuwa nimefanya mubaya. Uniletee karatasi yenye kweli mbele ya mwisho wa mwezi. Kiisha hapo nitampa mwenzake.”

Nilitoka Kibenga nikaenda shuleni moja kwa moja. Watoto walikuwa wameondoka, Madamu anafuta ubao. Niliweka buletini mezani.

“Madamu, Saida amesemaka nini hapa darasani?”

Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi.

“Hajasemaka.”

“Hata neno?”

“Hata moja. Hata mtihani, mi ndiye nashika mukono yake. Hata akilia, analia tu.”

“Na hii sita?”

Akageuka. “Ningeandika sifuri, wangemutoa mwaka wa kwanza. Ungemurudisha ndani ya nyumba, ungefunga mulango. Nimewaona wengi. Nikasema, namuandikia kwanza, nangojea aseme. Siku atasema, buletini itakuwa ya kweli.”

“Nilimnyima maji, Madamu,” nikasema. “Nilimshikia maji juu, kwa sababu ya sita yako.”

Alikaa. Nilimweleza yote, ukuta, kikombe, na alinitazama bila kupepesa. Kisha akauliza jambo moja, kichwa kiliumia sana? Nikasema hapana. Nikamwambia kinachotakiwa Kibenga. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka aelewe: karatasi mpya zinataka muhuri, muhuri uko kwa Direkteri, na Direkteri akijua, mwalimu aliyechapa viganja vya watoto wa watu kwa sababu ya uongo hatakuwa na pa kuficha uso. Alikuwa karibu kustaafu.

“Unipe siku mbili,” akasema.

Siku mbili zikapita, na wiki, na wiki ya pili. Nikipita shuleni asubuhi, ananisalimia kwa mbali na kuingia darasani. Niseme wazi: aliogopa. Yule ambaye sisi sote tulimwogopa aliogopa kama mtoto wa daftari na mbuzi, na mimi nilimchukia. Nilitaka niende kwa Direkteri mwenyewe nimalize. Mke wangu, ambaye ndiye alikuwa na haki ya kumchukia, alinizuia. “Muache aende kwa miguu yake,” alisema. “Ukimusukuma, utakuwa umemutupa.”

Zilibaki siku nne nilipoitwa ofisini. Madamu amesimama, hajapewa kiti au amekikataa, na mezani kwa Direkteri kuna buletini sita mpya. Alikuwa amezinakili zote usiku wake wa juma zima, kwa kalamu ileile, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Kusoma: sifuri. Kusema: sifuri. Nafasi: wa mwisho. Na chini, mahali pa maoni ya mwalimu, aliandika kwenye kila moja sentensi ileile: mtoto huyu hasemi, na aliyeandika vingine ni mimi.

Direkteri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

“Umepandisha wengine?”

“Huyu peke yake.”

“Nitaamini vipi? Wazazi wataamini vipi? Nikisimama pale uani nisome majina, nani atanisikiliza?”

Direkteri alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Alipiga muhuri mara sita, polepole. Kisha akamwambia Madamu kwamba kuanzia Jumatatu hatakuwa na darasa. Atakaa stoo kuvitia vitabu majalada hadi muhula uishe, na muhula ukiisha atakwenda kupumzika. Madamu akasema, “Ego,” ndiyo ya Kirundi, ambayo hakuwa na kawaida ya kuitumia. Akachukua zile karatasi, akanipa. Nilikuwa nimetoka chini ya gari. Hakunituma bombani, na zile sifuri nilizipeleka Kibenga na alama za vidole vyangu.

Tukapata nafasi, na kwa barua ya kituo Direkteri akakubali Saida abaki darasani.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo tulifurahi. Jumatatu Saida alifika darasani akakuta mwalimu mwingine, kijana mzuri tu, akasimama mlangoni. Hakuingia. Alisimama pale siku hiyo, na ya pili, na karibu mwezi mzima, begi mgongoni, akitazama mahali Madamu alipozoea kusimama. Stoo ilikuwa ng'ambo ya ua. Madamu alimwona kupitia dirisha kila siku, na Direkteri alikuwa amemkataza kuvuka. Sikuwapo, lakini mlinzi wa lango aliniambia kwamba Madamu alihamisha meza yake ikatazama ukuta.

Mtaalamu alianza naye palepale mlangoni. Alimletea kadi zenye picha. Siku moja aliniuliza nani alimkalisha Saida kando ya ukuta wa kushoto, mbali na dirisha. Nani aliondoa kengele. Nani alianzisha ule utaratibu wa uji, neno lilelile, saa ileile. Nikamwambia. Akasema, “Huyo mama alisomea wapi? Ni vile mi ningefanya.” Nikasema hakusomea popote. Akasema nimwambie.

Sikumwambia. Muhula uliisha, Madamu akahamia Gasenyi kwa mdogo wake, na mimi nilikuwa bado na kikombe changu rohoni, nikijidai ni chake. Nilisema nitakwenda mwezi ujao. Miaka miwili nilisema hivyo. Sina cha kujitetea: nilikuwa na neno moja zuri la kumpa mtu aliyepoteza jina lake kwa ajili ya mtoto wangu, nikakaa nalo.

Mwishowe mke wangu alisikia sokoni kwamba macho ya Madamu yameingia ukungu na haondoki tena nyumbani. Nilikuwa na gari la mteja nililomfungia breki, linataka kujaribiwa. Nikamweka Saida ndani, tukalijaribu hadi Gasenyi.

Tulimkuta kwenye benchi kibarazani, anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza barabarani. Alikuwa amekonda. Aliinua kichwa aliposikia viatu.

“Nani?”

“Mimi, Baba Saida.”

Vidole vikasimama. “Peke yako?”

“Niko naye.”

Hakunyoosha mikono kumtafuta. Alijisogeza tu kwenye benchi, akaacha nafasi upande wa ukuta. Saida alikuwa na miaka kumi sasa, mrefu, na sikujua kama anamkumbuka. Akaenda akakaa pale. Baada ya muda akachukua maharage machache kutoka ungoni akaanza kuyapanga juu ya benchi, mstari mmoja.

Nilimweleza Madamu alichosema Mtaalamu, neno kwa neno.

“Alisema hivyo?”

“Alisema, Madamu. Wallahi.”

“Lini?”

Nikamwambia lini. Alitikisa kichwa taratibu, akihesabu miaka, na hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

“Anasema sasa?” akauliza.

“Kwetu na kwa Mtaalamu. Maneno manane.”

“Unitajie.”

“Maji. Mama. Moto. Kiatu. Ndizi. Njo. Basi. Apana.”

Alikunja kidole kwa kila neno. Akangoja, kidole cha tisa kikiwa kimenyooka.

“Na baba?”

“Bado.”

Gari lilipita barabarani, vumbi likatulia. Nikamwuliza nililokuwa sijamwuliza daktari wala Mtaalamu wala mke wangu. “Madamu, ataniita?”

Nakiri nilitaka anidanganye. Nilitaka aniandikie tena, kwa ule mwandiko mzuri, nami nishike kwa mikono safi niamini. Alifungua kinywa, na nikaona neno limefika kwenye midomo yake. Akakifunga.

“Sijui, Baba Saida,” akasema. “Pengine ndiyo. Pengine apana. Mi sijui.”

Nililia. Mtu mzima, mbele ya barabara ya Gasenyi, nililia kwa sauti, naye aliendelea na maharage yake, akanipa muda wote niliouhitaji. Tangu Saida azaliwe kila mtu alikuwa ameniambia anachokijua. Hakuna aliyewahi kukaa na mimi mahali ambapo sote wawili hatujui.

Jua liliposogea nikakumbuka gari si langu. Nikasimama, nikajifuta.

“Saida, twende.”

“Apana.”

Madamu aligeuka upande usio sahihi, upande wa mlango, akitafuta. Halafu akageukia ukutani.

“Ni nani amesema?”

“Ni yeye.”

Mkono wake ulipanda mdomoni ukakaa hapo. “Mi nilifikiri sauti yake ni ndogo,” akasema. “Ile miaka yote nikimuandikia, nilikuwa naisikia kwenye kichwa, ndogo ndogo. Kumbe ni nzito hivi.”

Nikakaa tena. Nikangoja hadi mkono wake uliposhuka mapajani. Kisha nikasema, “Saida, twende,” nikijua atakataa, ili Madamu aisikie mara ya pili.